Mwongozo Kamili wa Kuvuka Bahari kwa Boti Kutoka Kenya Hadi Unguja kwa Likizo

Familia nyingi za Kenya zinazopanga likizo ya Zanzibar kwa njia ya barabara na bahari hukwama kabla hazijaiona boti. Mmoja hurudishwa mpakani kwa sababu ya kadi ya chanjo, mwingine hununua tiketi ya boti isiyokuwepo, na wa tatu hufika Dar es Salaam wakati boti ya mwisho imeshang'oa nanga. Nimeipita njia hii mara kadhaa nikiwa na watoto, wazee na wageni, na kila mara nimethibitisha jambo lilelile: safari ya majini, ambayo ndiyo watu huiogopa, ni fupi kuliko sehemu zote, kwani huchukua takribani saa mbili tu. Matatizo yako nchi kavu, na karibu yote yanazuilika kwa maandalizi.

Hatua zifuatazo zimeandikwa kwa anayeanzia Mombasa au Nairobi, ingawa anayetoka Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo atazitumia vilevile.

## Kwanza, ondoa dhana moja

Hakuna boti ya abiria yenye ratiba inayotoka Mombasa kwenda Unguja. Watu huitazama ramani, wakaona jinsi visiwa vilivyo karibu, wakadhani lazima usafiri uwepo. Ukimpata mtu anayekuuzia tiketi ya namna hiyo, usimlipe. Ukiambiwa kuna jahazi la mizigo litakalokuchukua usiku kwa bei nafuu, kataa pia, kwa sababu vyombo hivyo havikuandaliwa kwa abiria, jina lako halitaandikwa popote, na utaingia nchi nyingine bila muhuri.

Njia ya kawaida ni kushuka kwa barabara hadi Dar es Salaam kupitia mpaka wa Lungalunga (upande wa Kenya) na Horohoro (upande wa Tanzania), au kupitia Namanga na Arusha, kisha kupanda boti iendayo kasi hadi Unguja. Iko pia meli ya polepole kati ya Tanga, Pemba na Unguja, lakini haisafiri kila siku, kwa hiyo inamfaa mwenye muda na anayetaka kukaa Pemba.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji ya Kenya, kwa kila mtu, mtoto akiwemo. Kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi kuingia Tanzania.
- Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea.
- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri.
- Uthibitisho wa bima ya safari ya Zanzibar, ikiwa uraia wako unahusika.
- Tiketi ya boti yenye jina lilelile lililo kwenye pasipoti.
- Shilingi za Tanzania za matumizi ya siku mbili za kwanza.
- Dawa ya kuzuia kichefuchefu, tangawizi, maji, na chakula chepesi kikavu.
- Begi dogo la mkononi kwa hati, dawa, simu na nguo moja ya kubadilisha mtoto.
- Mifuko ya nguo au ya karatasi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani.

## Hatua ya 1: Hesabu siku ukianzia kwenye boti na kurudi nyuma

Kosa kubwa ni kupanga kana kwamba basi na boti ni usafiri mmoja. Kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na katikati yake kuna mpaka ambao haujui ratiba yako. Foleni ikiwa ndefu, au abiria mmoja akiwa na mzigo wenye utata forodhani, basi zima litasubiri. Anayetoka Nairobi ana safari ndefu zaidi, ambayo mara nyingi humlazimu kusafiri usiku kucha.

Kwa hiyo, andika kwanza siku na saa ya boti, kisha weka usiku mmoja wa kulala Dar es Salaam kabla yake, kisha ndipo utafute basi. Fanya vivyo hivyo wakati wa kurudi. Najua usiku huo wa ziada unauma mfukoni, hasa kwa familia ya watu watano, lakini boti ikikuacha utalipia malazi hayohayo kwa haraka na kwa bei ya mtu aliyebanwa, na huenda ukanunua na tiketi nyingine juu yake.

Wanaotoka Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wazingatie kwamba Tanzania iko mbele yao kwa saa moja nzima. Saa ya mkononi isiporekebishwa mpakani, boti ya asubuhi itaondoka ukiwa bado unakunywa chai.

Angalia pia msimu wa pepo. Likizo ya shule ya Agosti huangukia ndani ya kusi, ambalo huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, wakati ile ya Desemba huikuta kaskazi ikianza. Kusi hutoka kusini, hivyo boti inayokwenda Unguja husukumwa kwa nyuma, na ile inayorudi Dar es Salaam huyakabili mawimbi uso kwa uso. Kaskazi ni kinyume chake. Ukijua hili utachagua boti ya asubuhi kwa ule upande ambao ni mgumu, kwa sababu mara nyingi upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda.

## Hatua ya 2: Kamilisha hati wiki nne kabla

Chanjo. Tanzania inataka kadi ya homa ya manjano kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, na hapo ndipo wengi huanguka. Nimewahi kusafiri pamoja na mama mmoja ambaye kadi za watoto wake zilikuwa na siku nne tu. Alikuwa amelipa, amechanja, na ana kadi halisi mkononi, lakini hesabu ya siku ilimkataa, na nusu ya siku yake ikaishia mpakani akijieleza. Kadi ya zamani, kwa upande mwingine, haina haja ya kufanywa upya: tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo moja inatosha maisha yote.

Onyo: karibu na mipaka hawakosekani watu wanaouza kadi bila sindano. Anayenunua kadi hiyo anabaki bila kinga, na anabeba hati ya kughushi kuvuka mpaka wa nchi nyingine.

Bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Zanzibar inawataka wageni wa nje wawe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 kwa mtu mzima. Bima uliyokata kwingine haichukui nafasi yake. Uliza masharti ya uraia wako kwa shirika lenyewe, ulipe kupitia tovuti yake rasmi pekee, na uchapishe uthibitisho, kwa sababu simu iliyoishiwa chaji haimsaidii mtu dirishani.

Watoto. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto anaweza kuulizwa yuko wapi mwenzake. Barua fupi iliyotiwa saini, pamoja na nakala ya kitambulisho cha aliyeandika, hulimaliza swali hilo kwa dakika moja.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuziweka hati za kila mtu katika bahasha yake, jina liko juu, na jina hilo linafanana herufi kwa herufi na lile utakaloandika kwenye tiketi.

## Hatua ya 3: Vuka mpaka bila kuruka dirisha

Katika kituo cha pamoja cha mpakani, maafisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, kwenye upande wa nchi unayoingia. Kwa hiyo kwenda Tanzania kupitia Horohoro utakamilisha mambo ya kutoka Kenya na ya kuingia Tanzania mahali pamoja. Urahisi huu umewaponza wengi: mtu hugongwa muhuri mmoja, akaona watu wanarudi kwenye basi, naye akawafuata.

Kabla hujatoka ndani ya jengo, fungua pasipoti uhakikishe kuna mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia, na usome idadi ya siku ulizopewa. Ukikosa muhuri wa kuingia, utaulizwa Unguja, na huko huwezi kurudi Horohoro kwa miguu.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Fedha badilisha benki au kwenye duka lenye leseni. Wanaokuja dirishani mwa basi na mabunda ya noti huhesabu haraka, nawe huna muda wa kuhesabu tena.

## Hatua ya 4: Nunua tiketi ya boti mahali panapostahili

Kampuni za boti ziendazo kasi zina tovuti zao na ofisi zao kando ya bandari ya Dar es Salaam, katika barabara ya Sokoine, karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Nunua kwenye moja ya njia hizo mbili. Wakati wa Krismasi na Idi, nunua mapema kabisa, kwani wakati huo hata wenyeji wa visiwani wanarudi makwao na boti hujaa.

Nje ya ofisi utapokelewa na vijana waliovaa beji. Mmoja atakuambia, «Dada, boti ya saa moja imejaa, njoo huku nikusaidie,» au «Kaka, ofisi hiyo imefungwa, hapa ndipo wanapouza.» Mshukuru, endelea kutembea, uingie mwenyewe ndani, uulize dirishani. Baadhi yao ni wasaidizi waaminifu wanaotafuta riziki, lakini huna namna ya kuwatofautisha, na hasara ikitokea ni yako peke yako.

Katika kununua, hakikisha mambo matatu.

La kwanza ni bei. Kuna nauli ya wenyeji na nauli ya wageni. Mtu akikununulia tiketi ya mwenyeji ili uokoe fedha, hati yako itaonekana kwenye ukaguzi, na utatakiwa kulipa tofauti au utaachwa.

La pili ni saa. Tiketi huandikwa 07:00 au 12:30, ilhali watu wa bandarini watasema saa moja na saa sita na nusu. Wapo waliokosa boti kwa kuchanganya mifumo hii miwili, hasa wanapopiga simu kuuliza badala ya kusoma karatasi.

La tatu ni siku na upande wa safari. Isome tiketi ukiwa bado umesimama dirishani: jina, tarehe, saa, unakotoka, unakokwenda. Kosa linalogunduliwa hapo hurekebishwa kirahisi. Linalogunduliwa getini asubuhi hugharimu.

## Hatua ya 5: Fika kwenye bandari iliyo sahihi

Hii ndiyo hatua inayowapoteza Wakenya kuliko wengine wote, na sababu yake ni neno moja tu.

Kwa mtu wa Mombasa, feri ni chombo cha kuvukia Likoni, na kwa mazoea anakiita feri chombo chochote cha kuvuka maji. Dar es Salaam, «Feri» ni jina la mahali: ni pale Magogoni, kwenye soko la samaki na kivuko cha Kigamboni. Ukimwambia dereva wa bajaji «nipeleke feri», atakupeleka huko, naye hatakuwa amekosea. Shangazi yangu mmoja alisimama Magogoni na mabegi mawili kwa muda mrefu akiulizia boti ya Unguja, huku saa yake ya kuondoka ikikaribia.

Sema hivi: «Nipeleke kwenye boti za Zanzibar.» Kila dereva anaelewa.

Muulize pia wakala wa basi lako mapema utashushwa wapi. Mabasi mengi huishia Stendi ya Magufuli, Mbezi, ambayo iko mbali na katikati ya mji, na foleni ya Barabara ya Morogoro asubuhi si ya kuibahatisha. Hii ni sababu nyingine ya kulala jirani na bandari, maeneo ya Posta au Kariakoo, usiku wa kuamkia safari.

Fika bandarini saa moja na nusu kabla ya boti kuondoka. Kuna foleni ya getini, ukaguzi wa hati, mashine ya mizigo, na lango hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa. Ukitaka hamali akubebee, patana naye kabla hajaugusa mzigo, na umtajie mwisho wa kazi: mpaka kwenye mashine, au mpaka kwenye boti.

Umefaulu ukiwa umeketi kwenye ukumbi wa kusubiri, mizigo imepita, na pasipoti zimerudi kwenye begi la mkononi.

## Hatua ya 6: Tulia ndani ya boti

Kwenye daraja la kawaida mara nyingi viti havina namba, kwa hiyo aliyewahi ndiye anayechagua. Chagua sehemu ya chini, katikati ya chombo au nyuma kidogo. Boti hucheza kama pembea: ncha ya mbele hupanda na kushuka sana, na katikati husogea kidogo. Watoto hupenda kukimbilia mbele kuyaona maji, na dakika 20 baadaye ndio wa kwanza kutapika.

Kichefuchefu huja pale macho yanapoona kitu kilichotulia, kama vile simu au kitabu, wakati masikio ya ndani yanahisi mwendo, na ubongo ukashindwa kuzipatanisha habari hizo mbili. Ndiyo maana kukitazama kitu kimoja cha mbali, yaani mstari ambapo bahari hukutana na mbingu, husaidia kweli. Weka simu mfukoni. Ukianza kutokwa na jasho jembamba na mate kujaa mdomoni, toka nje polepole penye hewa, ushikilie chuma, utazame mbali.

Dawa humezwa saa moja kabla ya safari. Ukiimeza baada ya kuanza kutapika, inatoka nayo. Nyingi huleta usingizi, na mjamzito au mtoto mdogo asipewe bila ushauri wa mfamasia. Kuhusu chakula, usipande na njaa wala usipande umeshiba. Ndizi moja na mkate mkavu vinatosha; chapati za mafuta, maharagwe na maziwa vingoje upande wa pili.

Kabla ya kutulia kabisa, tafuta yalipo maboya ya kujiokolea na mlango wa dharura ulio karibu nawe, na uwaonyeshe watoto. Hakuna uchuro katika hilo. Mwezi Julai 2012, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, katika mkondo huuhuu na katika msimu huuhuu wa kusi. Ukiona chombo kimejazwa hadi watu wamekaa njiani, una haki ya kushuka.

Safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, usigombane na wahudumu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwezi Mei 2024, boti zilisitishwa, na huo ulikuwa uamuzi sahihi. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku mbili kabla, na utunze tiketi yako ili upangiwe siku nyingine.

Utajua umekaribia utakapouona mnara wa taa wa Chumbe upande wa kulia, kisha majumba meupe ya Mji Mkongwe yakiinuka mbele.

## Hatua ya 7: Shuka Malindi

Bandari ya Unguja inaitwa Malindi, jina lilelile la mji wa Kenya, kwa hiyo usishtuke ukilisikia likitangazwa.

Zanzibar ina ukaguzi wake wa uhamiaji, hata kwa aliyekwisha kugongwa muhuri Horohoro. Toa pasipoti, kadi ya chanjo na uthibitisho wa bima kwa pamoja, msalimie afisa, na umjibu alichouliza. Kisha chukua mzigo wako, ukilinganisha jina na si rangi tu, kwani mabegi meusi hufanana.

Nje ya lango utakutana na papasi, yaani vijana wanaowaganda wageni kuwapeleka hotelini kwa kamisheni, na kamisheni hiyo huongezwa kwenye bei yako ya chumba. Kama hujaweka nafasi, kaa kwanza, kunywa maji, upige simu mwenyewe. Teksi patana nayo kabla ya kupanda. Nungwi iko karibu kilomita 60 kutoka hapo na Paje karibu kilomita 50. Daladala namba 116 huenda Nungwi kwa nauli ndogo, lakini kwa mwenye mabegi makubwa na watoto ni safari ya kubanana.

Vaa nguo za kusitiri mabega na magoti unapopita mjini, na ukiwasili mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa barabarani mchana.

## Hatua ya 8: Rudi kwa mpangilio uleule

Thibitisha boti ya kurudi siku mbili kabla, dirishani au kwa kampuni moja kwa moja. Katika msimu wa kusi chukua ile ya asubuhi, kwa sababu iliyoelezwa katika hatua ya kwanza, na dawa ya kichefuchefu imezwe hata na yule aliyejivuna wakati wa kuja.

Karafuu, mdalasini na iliki zilizokaushwa hubebwa bila tatizo zikiwa kwenye vifungashio vizuri. Magamba ya kasa, matumbawe na makombe ya baharini yaache ufukweni, hata kama mtoto ameyaokota mwenyewe. Nunua mkoba wa ukili sokoni badala ya kutia vitu kwenye plastiki, kwani Kenya nayo ina marufuku yake tangu Agosti 2017.

Ukifika Horohoro, vuka mpaka hadi kituo cha upande wa Lungalunga, ugongwe muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya, uihesabu mihuri kama ulivyofanya wakati wa kwenda, kisha uzirudishe kadi za chanjo ndani ya pasipoti zake kabla basi halijaondoka.